Obwato wa Babu na Sabuni ya Sosthenes

Sosthenes alinishika taya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akalikamua limau ndani ya kinywa changu. Nilikuwa nimelazwa chali uani kwa babu, Kimwani, na goti lake lilikuwa kifuani pangu ili nisifurukute. Kinywa kilikuwa kinaungua tangu kabla hajafika. Limau lilipoingia, kitu kikachemka. Nasema kikachemka kwa maana yake, kama uji kwenye sufuria iliyofunikwa, na povu likanitokea puani likiwa na damu. Nilitaka kulia, sauti haikuja. Nyuma yake nilimwona Mawe, mama yangu mzazi, amejishika kichwa. Pembeni niliona miguu ya Tatento Laurian, mdogo wake baba, imepakaa urojo wa ndizi hadi magotini. Na juu yangu kulikuwa na sauti ya Sosthenes, sauti ya upole kabisa, ya mtu anayebembeleza mtoto anywe uji.

"Meza, Koku. Meza, mwanangu. Uchachu unaua."

Uchachu unaua nini? Watu wote waliokuwa pale uani walisikia maneno hayo, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa mtoto, koo limejaa moto, ningeuliza kwa mdomo gani? Lakini nimelibeba swali hilo mpaka leo, nina mvi, nina watoto walionipita kimo, na chakula changu bado nakiponda kwa mwiko kabla ya kukila.

Shule niliishia darasa la tatu, na sababu mtaiona. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na atakayeona makosa avumilie. Nilidhani nimeshayazoea mambo haya. Kisha mwaka huu tukamzika Mawe, na pale kaburini Sosthenes akasimama kutoa salamu za rambirambi. Alichosema nitakieleza mbele. Kwanza mjue ilivyokuwa, hasa ninyi wa rika langu mliokulia kwenye migomba, maana ninyi mtanielewa bila kufafanuliwa sana.

Kwetu palikuwa na obwato. Ukilisikia neno hilo mtu wa mbali utafikiri mtumbwi wa ziwani, na kweli umbo ni hilo, gogo lililochimbwa katikati, refu kuliko mtu mzima. Ila ule wa babu haukuwahi kugusa ziwa. Ulikuwa wa kukanyagia ndizi. Ndizi za pombe zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinamwagwa humo pamoja na nyasi, mwanamume ananawa miguu anaingia kukanyaga mpaka maji yake yatoke. Maji yale matamu ndiyo omuramba. Ukiyatia mtama na kuyafunika, kesho yake unakunywa lubisi. Obwato wa babu ulichongwa na baba yake, ulikuwa mweusi kwa uzee, na upande wa chini, ule mwembamba, ulikuwa na ufa ambao hakuna aliyejali kuuziba kwa sababu haukupita mpaka nje. Ulikuwa kama mfuko tu ndani ya mti.

Baba yangu alikufa mimi sijaanza shule. Tulibaki Mawe na mimi kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba, lakini mwenye sauti alikuwa Tatento Laurian. Babu alikuwa hai ila macho yalishafifia, anakaa ndani juu ya nyasi, anatafuna kahawa, anauliza nani amepita nje. Jambo lolote likija, Tatento ndiye anayeamua. Na Tatento alikuwa na rafiki mmoja, Sosthenes, mchemsha sabuni.

Mnakumbuka ile miaka sabuni ilipotoweka madukani. Watu walifua kwa majani, walioga kwa maji matupu. Sosthenes akajifunza sijui wapi kutengeneza sabuni ya mawese na mafuta ya ng'ombe, akawa mtu wa maana ghafla. Akipita njiani wanawake wanampisha. Alikuwa na kopo la bati lenye vidonge vyeupe kama chumvi ya mawe, akiviita kostiki, na alikuwa akitukataza watoto tusilisogelee. "Hii ikikushika inakula mpaka mfupa," alisema, na anatucheka tunavyokimbia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Sosthenes hakujua kostiki ni nini.

Siku aliyokuja kuuomba obwato nilikuwa nachambua maharage na Mawe barazani. Alikuja amebeba sufuria ya aluminiamu, akainyanyua juu, na jua likapita kwenye matundu.

"Laurian, waitu, ndugu yangu, tazama. Imeliwa."

"Imeliwa na panya?" Tatento akamwuliza.

"Panya gani. Kostiki. Haipatani na aluminiamu hata kidogo. Nipe ule obwato wa mzee nichanganyie humo mzigo mmoja tu."

"Imekula sufuria, sasa unataka na gogo la baba yangu liliwe?"

"Mti mgumu ule haiuwezi. Nisaidie, nami nitakuletea sabuni mpaka mkeo asahau ulivyokuwa unanuka."

Wakacheka sana. Mawe hakucheka. Aliinua uso akasema taratibu, "Shemeji, si tumwulize mzee kwanza?" Tatento akamwangalia jinsi mtu anavyomwangalia kuku aliyeingia sebuleni. Babu hakuulizwa. Obwato ukabebwa na wanaume kupelekwa kwa Sosthenes, ng'ambo ya kijito, na ukakaa huko mpaka ndizi zetu zilipokuwa karibu kuiva shimoni.

Ukarudishwa. Sosthenes alimimina ndani yake maji ya kusuuzia na kuyaacha yalale humo, akasema yatavuta uchafu. Hapo ndipo ninapoona mchezo wangu wa kitoto kama niko nao leo. Nilikuwa nimeokota ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, nikachana yale maganda yake na kuyatwanga kwa jiwe, ndiyo mboga yangu. Mchuzi wake ni mwekundu, wote tuliupika tukiwa wadogo. Nikaenda kuchota maji kwenye obwato nipikie. Nikatumbukiza mboga yangu humo humo.

Ikageuka. Zambarau ikawa bluu, bluu ikawa kijani, kijani kibichi cha jani la mgomba mchanga, mbele ya macho yangu. Nikaingiza mkono kuitoa, na vidole vikawa vinateleza, vinateleza kama nimeshika kambale. Niliogopa, lakini ni ule woga wa mtoto unaomfanya asiondoke. Nilifikiri nimeelewa. Kitu kibichi ni cha kijani, kikiiva kinabadilika. Hiki kilikuwa na rangi yake ya kukomaa, sasa kimekuwa kijani. Kwa hiyo obwato unarudisha vitu vilivyoiva kuwa vibichi. Nikawaza: je, nikiingia mimi, nitarudi kuwa mtoto wa mgongoni?

Sosthenes alikuwa anakuja kuchukua ndoo yake. Nikamkimbilia, nikamwamkia kwa lugha yetu.

"Shumalamu, Ta Sosthenes. Obwato unafanya vitu viwe vibichi. Njoo uone."

Alikuja, akainama, akaona. Nilimtazama usoni kwa sababu nilitaka ashangae, na hakushangaa. Aliyachota yale maganda ya kijani kwa kipande cha kijiti, si kwa mkono, kumbukeni hilo, akayatupa kwenye migomba. Kisha akauinamisha obwato, maji yakamwagika.

"Hiyo ni alama ya usafi," akaniambia. "Sabuni imeingia mpaka kwenye moyo wa mti. Nenda kanawe mikono, unawe sana."

"Kwa nini ninawe kama ni usafi?"

"Wewe mtoto una maneno kama mke wa hakimu. Nenda."

Nikaenda. Nikiwa nanawa nilimsikia akimwambia Tatento kwamba obwato uko tayari, umesuuzwa vizuri, anaweza kukanyaga hata kesho. Hakuusuuza tena. Hakuingiza hata kijiti kwenye ule ufa wa upande mwembamba. Na ndani ya ule ufa, sasa najua, mabaki ya kostiki yalikuwa yamekauka na kuganda, yanangoja tu kitu cha majimaji.

Sasa niwaeleze mwiko wetu, maana ndio uliomficha Sosthenes. Kila ukoo una wake. Kwetu omuramba wa kwanza haukuonjwa na mtu kabla haujapelekwa kibuyu kimoja kwa babu, naye ananyunyizia kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, tukiwa Wakristo hivyo hivyo na rozari ukutani. Padri hakuambiwa, na nadhani naye hakutaka kuambiwa. Mtoto kuonja kabla ya mzee ilikuwa utovu wa adabu. Mtoto wa kike ilikuwa mbaya zaidi. Lakini watoto wote walikuwa wanaonja. Tatento mwenyewe alikuwa ameonja alipokuwa mdogo, alisimulia na kucheka. Tulikata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati, tukalala kifudifudi upande wa chini ambako omuramba unaanza kukusanyika chini ya nyasi, tukavuta.

Siku ya kukanyaga jua lilikuwa kali. Tatento alikuwa juu, anapiga miguu, anaimba na kutukana ndizi kuwa ni ngumu. Harufu ile ya ndizi mbivu na nyasi zilizopondeka, mpaka leo ikinipata sokoni natafuta pa kushika. Nikalala kifudifudi, nikapenyeza bua langu palepale kwenye ufa, kwa sababu ndipo pa chini kabisa, ndipo palipoanza kujaa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kwanza hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na utelezi, kama nimemeza kambale mzima akiwa hai. Kisha kambale akawaka moto. Nakumbuka nilisimama, nikakimbia, nikagonga mgomba, nikaanguka. Nakumbuka Mawe anauliza "umekunywa nini, umekunywa nini" na Tatento anajibu kwa niaba yangu, bado yuko ndani ya obwato, "Omuramba tu. Kaonja kabla ya mzee, huyo."

Na mara Sosthenes akaingia uani anakimbia, na malimau kwenye kofia yake.

Mnaelewa? Nyumba yake ng'ambo ya kijito. Alisikia kelele tu, kelele za mtoto na mama yake, ambazo zingeweza kuwa za nyoka, za kuungua, za kuanguka. Yeye akachuma malimau. Yale mengine mmeshayasikia mwanzoni.

Kesho yake lubisi ilikuwa tayari na wanaume wakaja kunywa. Mimi nilikuwa ndani, midomo imevimba, ulimi mweupe kama uliochunwa. Niliwasikia. Walikunywa wote, Sosthenes pia, na hakuna aliyepata hata kikohozi. Ndipo likapita neno ambalo sijui nani alilianza, ila najua nani alilimalizia. "Sote tumekunywa pombe ile ile kutoka obwato ule ule," Sosthenes alisema, "na sote tu wazima. Tofauti ya huyu mtoto na sisi ni moja. Sisi tulingoja mzee aonje, yeye hakungoja." Nikamsikia babu akihema. "Kama ndivyo, tuwaombe radhi waliotangulia," akasema. Basi. Ikawa hukumu.

Nami niliiamini. Huo ndio ubaya nisioweza kuwasamehe. Nilikuwa mtoto mdogo nimeungua, na kila mtu mzima niliyemjua aliniambia kwamba waliokufa wameniunguza kwa haki. Mawe alipika lubisi ya msamaha kwa mikono yake, akaipeleka chini ya mti nyuma ya nyumba, akapiga magoti. Midomo ikapona, ulimi ukapona, nikaanza kula, watu wakasema wazee wamesikia. Kisha polepole koo likaanza kufunga. Ndizi zilikuwa hazipiti. Baadaye uji mzito haukupita, baadaye uji mwepesi. Nikawa nakunywa maziwa kwa matone, na mwisho hata mate yangu mwenyewe yalirudi. Nilikuwa nakaa nimejishika shingo kwa mikono miwili mchana kutwa. Sikuthubutu kusinzia. Niliamini mkono wa mtu nisiyemjua, mzee wa zamani sana, uko ndani ya shingo yangu unakaza, unairudisha kuwa mbichi kama lile ua, na nikilala atamalizia. Nilimwomba kimoyomoyo. Nilimwahidi kwamba sitaonja tena kitu chochote kabla ya mtu yeyote.

Mawe alisema ananipeleka hospitali Bukoba. Tatento akasimama mlangoni.

"Ukimpeleka huko umewatukana wazee wetu."

"Nitakuwa nimewatukana wakiwa wamekufa, shemeji," Mawe akasema. "Huyu bado yu hai. Nipishe."

Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mtoto wa kwenda shule nabebwa mgongoni kwa kitenge. Nilikuwa mwepesi kiasi hicho. Basi lilipoteremka mjini nikaliona ziwa kwa mara ya kwanza, na wazo langu lilikuwa moja tu: maji yote yale, na mimi siwezi kumeza hata tone.

Kule hospitali muuguzi mmoja alinifungua kinywa, akanimulika, akamwuliza Mawe nimekunywa nini. Mawe akasema omuramba. Yule mama akatikisa kichwa.

"Omuramba hauchomi hivi, mama. Kwenu kuna mtu anapika sabuni?"

Mimi nilikuwa mapajani mwake, nilisikia mwili wake ulivyobadilika, ukawa kama ubao.

Yule muuguzi alitueleza, na maneno yake nayakumbuka kuliko katekisimu. Alisema vitu vikali viko vya aina mbili. Kuna vichachu, kama limau na siki na yale maji ya betri, hiyo ndiyo tindikali. Na kuna vya upande wa pili, majivu, magadi, na mkubwa wao kostiki. Kostiki inageuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo kazi yake, na haichagui mafuta ya ng'ombe au ya mtu. Ule utelezi niliousikia vidoleni ulikuwa ngozi yangu inaanza kuwa sabuni. Mawe akauliza mbona wengine walikunywa na hawakudhurika. Muuguzi akasema omuramba una uchachu wake wenyewe uliojificha kwenye utamu. Ukiwa mwingi na kostiki ni kidogo, unaimeza, unaituliza, haisikiki tena. Hata damu ya mtu, akasema, inafanya hivyo kila siku, ukija uchachu inautuliza, yakija magadi inayatuliza, la sivyo tungekufa kwa chakula tu. Tumboni nako kuna tindikali na utando wa kujilinda. "Lakini koo ni njia ya kupita," akasema. "Halina akiba. Huyu amekunywa pale ilipokaa yenyewe, kabla haijachanganyika."

Mawe akauliza habari ya limau, kwa sauti ndogo sana. Yule mama akafumba macho kidogo. Akauliza nani aliyefanya hivyo. Vitu hivyo viwili vikikutana kwa nguvu vinatoa moto. Ningepewa maji ya kusukutua, nikaletwa siku ile ile, basi.

Sitawaeleza sana habari ya mpira. Wenye kuujua wanaujua. Walikuwa wanapitisha mpira kooni kulipanua lile kovu, mwanzo mwembamba, baadaye mnene, na kovu likifunga tena unarudi. Nilirudi miaka mingi. Kila nikiona ziwa kutoka dirishani mwa basi nilikuwa najikojolea, msichana mkubwa. Shuleni nilikuwepo wiki moja, sipo wiki tatu, na nikiwepo wenzangu wananiita Kambale kwa sababu ya jinsi ninavyofungua mdomo nikimeza. Darasa la tatu likanitosha.

Tuliporudi kutoka ile safari ya kwanza, Mawe alimwendea Tatento na kumweleza kila kitu. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kitenge chake. Tatento alisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alishajua, au alishahisi, maana obwato ulikuwa umeoshwa upya na kuanikwa juani, na ule ufa umekwanguliwa mpaka mti mweupe unaonekana. Kisha akasema, "Ukilisema jambo hili nje ya nyumba hii, utuambie pia utakaa kwenye kibanja cha nani." Mjane, shamba la marehemu, mtoto mmoja wa kike. Mawe akanyamaza. Aliendelea kupika lubisi ya msamaha kila mavuno, anapiga magoti chini ya ule mti akiwa anajua. Mimi nilikuwa namwona. Wanawake wa jirani wakawa wanawaonya watoto wao kwa jina langu: msiwe kama mtoto wa fulani, ambaye mama yake hakumfunza adabu. Alilisikia hilo sokoni, kanisani, kisimani, maisha yake yote, na hakulijibu hata mara moja, ili mimi nipate pa kulala.

Tatento Laurian alikwishakufa. Yake ameenda kuyajibu anakojua. Babu naye alikufa akiamini wazee wake walimwunguza mjukuu wake. Mimi niko Bukoba, nauza maziwa mgando, chakula ambacho koo langu halijawahi kukikataa. Na Sosthenes yuko Kagoma, ana duka, ana wajukuu wanaosoma, ni mzee wa kigango, kanisani anakaa benchi la mbele.

Kwenye maziko ya Mawe akaomba kusema machache. Alisema marehemu alikuwa mvumilivu. Kisha akaninyooshea fimbo yake, mbele ya ukoo mzima. "Huyu Koku mnayemwona amesimama hapa," akasema, "mimi ndiye niliyemwokoa. Alikuwa amekunywa kostiki, mtoto mdogo. Wengine wote waliduwaa. Mimi nilikimbia na malimau." Vijana wakaguna kwa heshima. Wazee waliokuwepo siku ile wamebaki wachache, nao wakatazama chini. Neno mwiko halikutajwa. Sasa ilikuwa kostiki, na yeye ndiye mwokozi.

Nilimfuata alipokuwa ananawa mikono kwa ajili ya chakula. Nikamwamkia, maana ndivyo nilivyolelewa.

"Mzee, kumbe ulijua ni kostiki."

"Ah, mwanangu. Hayo ni mambo ya zamani."

"Wakati ule uliwaambia ni mwiko. Ulisema sikungoja mzee aonje."

Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Wakati ule," akasema, "ndivyo watu walivyoamini."

"Wewe uliamini?"

"Kwani hukupona, Koku? Umezaa, una biashara yako. Mama yako mwenyewe hakuwahi kunilaumu. Twende tukale."

Na akaenda kula. Nilimtazama akila. Ndizi, nyama, mchuzi, hatafuni sana, anaongea huku anameza.

Ukoo utakutana tena Kimwani kumaliza msiba, na yeye ataalikwa, maana hakuna shughuli anayokosa. Ninayoyaandika haya nitahakikisha yanasomwa kabla ya sala, na kijana wangu ndiye atakayeyasoma, sauti yangu haifiki mbali. Sosthenes, sikuombi dawa, sikuombi fidia, wala usiniletee sabuni. Usimame pale mama yangu alipokuwa anapiga magoti, mbele ya wanawake waliomsema na watoto wao waliokua wakiogopeshwa kwa jina langu. Uwaambie kwamba ulikuwa unajua tangu siku ile ya kwanza, na kwamba mama yangu alinifunza adabu. Uwaambie kwa nini ulimwacha aombe radhi kwa wafu miaka yote hiyo wakati aliyemkosea alikuwa wewe, uko ng'ambo ya kijito, hai, unapika sabuni. Ukishindwa kusimama, kaa kwenye kiti. Tutakungoja. Lakini siku hiyo hutakula kwetu kabla hujajibu.